Mpini Nyuma ya Bega: Uchambuzi wa Ajali ya Ndege ya Long-EZ Yenye Usajili N555JD

Tarehe 12 Oktoba 1997, saa 11 na dakika 12 jioni, ndege ndogo ya viti viwili iliruka kutoka uwanja wa Monterey katika jimbo la California, Marekani, ikiwa na mtu mmoja tu ndani yake. Ilizunguka uwanja, ikagusa njia ya kurukia na kupaa tena mara tatu, kisha ikaelekea magharibi upande wa pwani. Ilipotimu saa 11 na dakika 28, ilikuwa imekwisha kuanguka baharini karibu na mji wa Pacific Grove, na rubani alikuwa amefariki. Kati ya kupaa na kuanguka zilipita dakika 16.

Rubani huyo alikuwa John Denver, mwimbaji aliyejulikana dunia nzima. Kwa sababu ya jina lake ajali hii iliandikwa sana wakati ule, lakini wengi walioisoma walimsoma mwimbaji, hawakuisoma ndege. Kwa mtu anayejenga ndege kwa mikono yake, au anayetaka kuinunua ndege iliyojengwa na mwingine, cha kujifunza kimo katika vali moja ya mafuta, mpini wake, na mahali mpini huo ulipowekwa. Uchunguzi uliofanywa na Bodi ya Taifa ya Usalama wa Usafirishaji ya Marekani, ijulikanayo kwa kifupi kama NTSB, ulikuwa wa kina kiasi kwamba kisa hiki kinaweza kufuatwa hatua kwa hatua, jambo ambalo si la kawaida kwa ajali za ndege za namna hii.

Kwanza ndege yenyewe. Long-EZ ni ubunifu wa Burt Rutan, aliyekuwa akifanya kazi zake Mojave, huko huko California. Ya kwanza iliruka mwaka 1979, na kwa miaka michache iliyofuata michoro yake iliuzwa kwa watu waliotaka kuijenga wenyewe majumbani. Mjenzi hukata vipande vya povu gumu kwa waya uliopashwa moto, akavifunika kwa tabaka za faibaglasi zilizolowa gundi ya epoksi, na polepole bawa na kiwiliwili hupata umbo mikononi mwake. Injini na rafadha (panga boi) viko nyuma, vinaisukuma ndege badala ya kuivuta. Mkia wa kawaida haupo. Karibu na pua kuna bawa dogo ambalo limepangwa lishindwe kunyanyua kabla ya bawa kuu kushindwa, ili rubani akipunguza mwendo kupita kiasi, pua ijiinamishe yenyewe na mwendo urudi kabla mambo hayajaharibika. Kwa ajili ya bawa hilo, Long-EZ ilipata sifa ya kuwa ndege isiyoanguka ovyo kwa mwendo mdogo, na sifa hiyo ni ya haki. Lakini inamkinga rubani na kosa la aina moja tu, na kosa lililotokea jioni ile lilikuwa la aina nyingine.

Sehemu nyingine ya kukumbuka ni usukani wa kugeuza pua kushoto na kulia, ule unaosukumwa kwa miguu. Katika Long-EZ usukani huu umegawanyika katika vibawa viwili vya wima vilivyosimama kwenye ncha za bawa kuu. Pedali ya kulia huusukuma usukani wa kulia peke yake kwenda nje, na ya kushoto vivyo hivyo kwa upande wake. Kwa kuwa bawa kuu limerudi nyuma kwa pembe, kuisukuma pedali moja hakuigeuzi pua tu. Ndege nzima hulalia upande ule. Mguu mmoja ukikandamiza bila mwenyewe kujua, ndege inabingirika upande huo.

Mafuta yamo katika matangi mawili, moja kila upande, ndani ya sehemu pana inayounganisha bawa na kiwiliwili. Kwa pamoja yanabeba karibu galoni 52. Injini hainywi kutoka matangi yote mawili kwa wakati mmoja: rubani huchagua la kushoto, la kulia, au kufunga kabisa, kwa kuzungusha mpini wa vali. Hivyo kubadili tangi ni kazi ya kila safari ndefu kidogo, na hufanywa hewani. Katika michoro ya Rutan mpini huo uko mbele ya rubani, katikati ya mapaja yake, mahali ambapo jicho linauona na mkono unaufikia bila bega kusogea.

Mjenzi wa N555JD, aliyeimaliza mwaka 1987, hakufuata michoro katika jambo hilo. Hakutaka mabomba ya mafuta yapite ndani ya chumba cha rubani. Akaiweka vali nyuma, karibu na injini, na mpini wake akauweka kwenye ukuta ulio nyuma ya bega la kushoto la rubani, ukiunganishwa na vali kwa ufito. Sababu yake inaeleweka, na anayejua moto wa petroli ndani ya kasha la faibaglasi hawezi kuidharau. Bomba likivuja katikati ya miguu ya mtu, hapana pa kukimbilia. Uamuzi huu haukuwa wa uzembe. Ulikuwa uamuzi wa mtu aliyeiona hatari moja waziwazi, akaiondoa, na hakuona kwamba ameweka nyingine mahali pake.

Hatari hiyo mpya ilikuwa na sehemu kadhaa, na kila moja ingevumilika kama ingekuwa peke yake. Mpini haukuwa na alama yoyote ya kuonyesha nafasi zake. Ulipoelekezwa juu, mafuta yalifungwa. Ulipoelekezwa chini, injini ilitumia tangi la kulia. Ulipoelekezwa kulia, injini ilitumia tangi la kushoto. Soma tena sentensi hiyo ya mwisho: mkono kwenda kulia ni tangi la kushoto. Mjenzi aliyeifunga vali ile kwa mikono yake anaweza kulijua hilo usingizini, lakini anayekuja baada yake hana njia ya kulibahatisha. Tena mpini ulikuwa mgumu kuzunguka. Na vidirisha vya kuonyesha kiasi cha mafuta, vilivyokuwa ubavuni mwa kiti cha nyuma, havikuchorwa vipimo, na kwa sababu ya umbo la tangi, nusu ya kidirisha haikuwa na maana ya nusu ya tangi. Rubani aliyeketi kiti cha mbele hakuweza kuviona bila kugeuka.

Injini nayo ilikuwa kubwa kuliko iliyokusudiwa. Long-EZ ilichorwa kwa ajili ya injini ya Lycoming O-235 yenye nguvu farasi 115. N555JD ilifungwa O-320 yenye nguvu farasi 150. Wajenzi wengi wamefanya badiliko hilo bila madhara, na uchunguzi haukuitaja injini kuwa chanzo. Ninaitaja kwa sababu injini kubwa inapopaa kwa nguvu zote, tena na tena, hunywa mafuta upesi, na anayekadiria kwa saa badala ya galoni hukadiria kimakosa.

Hapa inafaa kueleza sheria, kwa sababu msomaji huweza kujiuliza ni nani aliyeruhusu mpini kama ule. Nchini Marekani ndege ikijengwa kwa sehemu kubwa na watu wanaoijenga kwa ajili ya kujifunza au kujifurahisha, huandikishwa katika kundi la ndege za majaribio. Mkaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga huangalia kama imejengwa vizuri na kama kumbukumbu zimekamilika, lakini hailazimiki kufanana na mchoro wowote ulioidhinishwa, kwa kuwa hakuna mchoro ulioidhinishwa. Kisha mjenzi huirusha saa za majaribio, 25 au 40 kwa kutegemea injini na rafadha aliyotumia, mbali na makazi ya watu, ndipo anaporuhusiwa kubeba abiria. Uhuru huu umezaa ndege nzuri mno, Long-EZ ikiwa mojawapo, na sitamuunga mkono anayetaka uondolewe. Hata hivyo una sharti ambalo halikuandikwa popote: kwamba anayeirusha ndege ndiye anayeijua ilivyojengwa. Siku ndege inapouzwa, sharti hilo huvunjika, na hakuna karatasi inayobadilika kuonyesha kwamba limevunjika.

N555JD ilikuwa imekwisha kuuzwa zaidi ya mara moja. Denver aliinunua akiwa rubani wa miaka mingi. Alikuwa na zaidi ya saa 2,750 za kuruka, na alikuwa na idhini ya kuendesha jeti za Learjet. Katika Long-EZ, hata hivyo, alikuwa mgeni. Siku moja kabla ya ajali, tarehe 11 Oktoba, alielekezwa ardhini na angani kwa takriban nusu saa, kisha akaichukua ndege yake hadi Monterey. Wakati wa maelekezo hayo ilibidi awekewe mto mgongoni ili miguu yake izifikie pedali vizuri. Suluhisho hilo la mto lilikuwa la maana kwa miguu, lakini kwa mkono lilikuwa baya, maana mto unaomsogeza mtu mbele kuelekea pedali unamtenga zaidi na mpini ulioko nyuma ya bega lake. Mimi hulitazama jambo hili kwa huzuni kuliko mengine yote katika kisa hiki, kwa sababu hakuna aliyefanya kosa. Mtu alisaidiwa kwa nia njema, na msaada ukamwongezea umbali.

Kesho yake, kabla ya kuruka, alikuwa na fundi wa ndege uwanjani. Walizungumza juu ya mpini ule: kwamba ni mgumu kuufikia na ni mgumu kuuzungusha. Walijaribu kuubana kwa koleo ili koleo liwe kirefusho cha kuufikia, lakini halikusaidia. Rubani akasema kwamba akihitaji kubadili tangi angani ataiwasha mashine ya kujiongoza iishike ndege sawa, ndipo ageuke. Fundi akampa kioo kidogo cha mkononi ili avione vidirisha vya mafuta kupitia juu ya bega, na akamweleza alivyoviona: tangi la kulia chini ya nusu, la kushoto chini ya robo. Alipoulizwa kama aongezewe mafuta alikataa, akieleza kwamba ataruka kwa muda wa saa moja hivi tu.

Mchambuzi anayetafuta mahali ambapo ajali ingeweza kuzuiwa hana haja ya kupita dakika hizo. Watu wawili wenye ujuzi walisimama kando ya ndege wakakubaliana kwamba kifaa kinachoamua kama injini itapata mafuta hakifikiki na mtu aliyeketi mahali pa kuirushia. Kisha wakatafuta namna ya kuishi na hali hiyo: koleo, kioo, mashine ya kujiongoza. Koleo lilipokataa, bado ilibaki mipango miwili, na mipango hiyo ilitosha kuwafanya waone kwamba tatizo limepatiwa jibu. Kumbe kila mmoja ulidai rubani awe na nafasi ya kutulia. Mashine ya kujiongoza inafaa kwa rubani aliyeko futi elfu kadhaa juu, mwenye dakika za kutosha kuiweka, kuihakikisha, kulegeza mkanda na kugeuka. Kwa rubani aliyeko futi mia chache injini ikikohoa, haina msaada wowote.

Jibu lililokuwapo lilikuwa jepesi: kujaza mafuta. Matangi yakijaa, haja ya kuugusa mpini katika safari ya saa moja inaondoka. Mpini ungebaki mbaya vilevile, lakini siku ile usingehitajika. Ndiyo maana NTSB ilikuhesabu kutojaza mafuta kuwa mojawapo ya vyanzo vya ajali, si jambo la pembeni. Nakubaliana nao, ingawa naongeza kwamba uamuzi ule ulitegemea vidirisha visivyo na vipimo. Mtu anayeambiwa “chini ya robo” anafikiri anajua kiasi kilichopo. Hakukijua, wala fundi hakukijua.

Mizunguko mitatu ya kugusa njia na kupaa ilikula sehemu ya mafuta hayo kwa haraka, kila mara kwa injini kufanya kazi kwa nguvu zote. Baada yake ndege ilielekea pwani. Mashahidi 20 waliokuwa ardhini walihojiwa baadaye. Makadirio yao ya kimo yalikuwa kati ya futi 350 na 500. Wanane kati yao walisikia mlio wa kupasuka au wa injini kukohoa, na sauti ya injini ikapungua. Kisha ndege ikalala upande, pua ikaelekea chini, ikaingia majini kwa kasi.

Vali ilipopatikana katika mabaki, haikuwa katika nafasi yoyote kamili. Ilikuwa katikati ya nafasi mbili: wazi kwa kiasi cha theluthi hivi kuelekea tangi la kulia, na wazi kwa asilimia chache tu kuelekea tangi la kushoto. Maana yake ni kwamba mkono ulikuwa umeufikia mpini na ulikuwa ukiuzungusha. Na hali hiyo ya katikati ina ubaya wake wenyewe. Pampu ya mafuta huvuta kilicho rahisi kuvutwa. Tangi moja likiwa limekauka na njia yake bado ina upenyo mdogo, hewa itapita hapo kabla ya mafuta kupita katika njia nyingine iliyo wazi zaidi, na injini itaendelea kukohoa ingawa mafuta yapo. Kwa hiyo kuuzungusha mpini karibu kote kwaweza kusifae kitu. Ni lazima ufike mwisho. Mpini mgumu usio na alama, unaozungushwa bila kuonekana, hauwezi kumhakikishia mtu kwamba umefika.

Wachunguzi walijaribu kukirudia kitendo hicho wakiwa wamekaa katika kiti cha namna ile. Waliona kwamba ili kuufikia mpini, rubani alipaswa kuiachia fimbo ya kuongozea ndege iliyoko upande wake wa kulia, kulegeza mkanda wa mabegani, kuugeuza mwili wake kama nyuzi 90 kuelekea kushoto, na ndipo auzungushe. Wakati wa majaribio hayo likajitokeza jambo ambalo halikutarajiwa: mtu aliyegeuka hivyo, ili mwili wake upate pa kujiegemeza, aliunyoosha mguu wa kulia na kuikandamiza pedali ya kulia. Alifanya hivyo bila kukusudia, kama mtu anayefikia kitu kiti cha nyuma cha gari anavyojikaza kwa mguu ulio upande wa pili.

Ukilirudisha jambo hilo katika ndege halisi, kisa kinajikamilisha chenyewe. Injini inapungua nguvu. Rubani anajua sababu, kwa kuwa alikuwa akiizungumzia muda mfupi kabla, na anajua dawa, kwa kuwa mafuta yapo katika tangi la pili. Anaiachia ndege na kugeuka. Mguu wake wa kulia unakandamiza pedali. Usukani wa kulia unatoka nje, pua inaelekea kulia, na bawa linalalia kulia. Yeye anatazama nyuma kushoto, macho yake hayaoni upeo, na hakuna mkono juu ya fimbo ya kuongozea. Bawa dogo la mbele, lile lenye sifa ya kuizuia ndege isipoteze mwendo, halina kazi hapa, kwa sababu mwendo haukupotea. Kilichopotea ni mwelekeo wa mabawa. Kutoka futi 500, ndege iliyokwisha kulala na kuinamisha pua hufika majini kabla mtu hajamaliza kugeuka aangalie mbele.

Swali linaloulizwa mara nyingi ni kama angeweza kuokoka. Ninaamini angeweza, na jibu langu linatokana na hesabu tu ya kimo. Ndege nyepesi ya aina hii, injini ikizimika kabisa, haianguki; huteremka kwa kuelea. Kutoka futi 500 rubani ana nusu dakika au zaidi kidogo ya kuchagua mahali na kuiweka chini ikiwa bado mikononi mwake. Pwani ile ina miamba, na kutua majini kwa magurudumu makuu yasiyokunjwa kuna hatari yake. Sidai kwamba ingekuwa salama. Lakini ndege inayogusa maji mabawa yakiwa sawa na mwendo ukiwa mdogo humwachia mtu nafasi, na ile inayoingia kwa pua haimwachii yoyote. Ndiyo sababu marubani hufundishwa tangu siku za mwanzo kwamba injini ikizimika chini ya kimo fulani, kazi ni moja: kuirusha ndege mpaka isimame. Kutafuta sababu kunaruhusiwa ikiwa kuna kimo cha kutosha. Pasipo kimo, hata sababu inayojulikana kwa hakika yafaa iachwe.

Ni rahisi kuliandika hilo mtu akiwa amekaa. Ugumu wake ni kwamba rubani yule alikuwa na dawa nyuma ya bega. Injini iliyovunjika fimbo ya pistoni haimshawishi mtu kuitengeneza akiwa angani. Kila mmoja anajua imekwisha, na akili huelekea uwanjani au ufukweni. Injini inayokosa mafuta ilhali mafuta yapo humwita mtu aishughulikie. Katika visa vya ndege zilizojengwa na watu binafsi, kukosa mafuta kwa sababu ya vali, bomba, tundu la hewa la tangi au chujio kuziba ni miongoni mwa mambo yanayozima injini nzima isiyo na kasoro. Rubani anayeijua kasoro yake ndiye anayevutwa zaidi kuirekebisha, na huvutwa hivyo wakati ule ule ambao macho yake yanahitajika mbele.

NTSB ilihitimisha kwamba chanzo kilikuwa rubani kuondoa mawazo yake katika kuiendesha ndege, na kukandamiza usukani wa kulia bila kukusudia alipokuwa akijaribu kuuzungusha mpini wa vali, pamoja na maandalizi hafifu, hasa kutojaza mafuta. Yaliyochangia yalitajwa kuwa uamuzi wa mjenzi kuuweka mpini usio na alama mahali pagumu kufikika, vidirisha vya mafuta visivyo na vipimo, mafunzo yasiyotosha ya kuizoea ndege mpya, na uzoefu mdogo wa rubani katika aina ile ya ndege.

Sina ugomvi na orodha hiyo. Ninachokiuliza ni mpangilio wake, ambao unamweka rubani kwenye chanzo na mpini kwenye yaliyochangia. Ukiondoa kosa la rubani na kuuacha mpini, ajali ingemngoja rubani mwingine, labda mwaka mmoja baadaye, labda mtu mrefu zaidi mwenye mkono mrefu zaidi ambaye angeufikia mara 50 na kuukosa mara ya 51. Ukiuondoa mpini pale na kuurudisha mapajani kama ulivyochorwa, rubani yule yule, mwenye mafuta yale yale machache, angeisikia injini ikikohoa kwa sekunde chache, angeusogeza mkono mmoja huku macho yakiwa mbele, na jioni ingeendelea. Ndege ilikuwa imebeba kasoro hii kwa miaka 10 tangu imalizike. Haikumdhuru aliyeitengeneza kwa sababu yeye aliijua, na kila aliyefuata aliijua kidogo kuliko aliyemtangulia.

Mwaka 2012 NTSB ilitoa utafiti juu ya usalama wa ndege zilizojengwa na watu binafsi, ikizingatia ajali zilizotokea Marekani mwaka 2011. Zaidi ya nusu ya ndege zilizopata ajali zilikuwa zimenunuliwa zikiwa zimetumika, hazikuwa mikononi mwa aliyezijenga. Kati ya hizo zilizonunuliwa, ambazo zilikuwa 125, 14 zilipata ajali katika safari ya kwanza kabisa ya mmiliki mpya. Matatizo yaliyoongoza yalikuwa injini kupoteza nguvu na ndege kumtoka rubani mikononi, mambo mawili ambayo katika N555JD yalifuatana ndani ya sekunde chache.

Kwa anayenunua ndege ya namna hii, kipimo ninachopendekeza hakihitaji kupaa. Aketi katika kiti chake kama atakavyoketi angani, mto ukiwa mgongoni ikiwa atautumia, mikanda yote ikiwa imekazwa kabisa, miguu juu ya pedali, mkono wa kulia juu ya fimbo ya kuongozea. Mtu mmoja asimame nje akiutazama usukani wa miguu. Kisha, akiwa anatazama mbele tu, abadili tangi kutoka kushoto kwenda kulia, kutoka kulia kwenda kushoto, afunge na kufungua, na kila mara aseme kwa sauti mpini uko wapi kabla ya kuuangalia. Akilazimika kulegeza mkanda, au akikosea nafasi hata mara moja, au yule wa nje akiona usukani umetikisika, ndege isiruke mpaka mpini uhamishwe. Vidirisha vya mafuta vipimwe galoni kwa galoni, tangi likijazwa kutoka tupu huku ndege ikiwa imesimama katika pembe yake ya kuruka, na kila galoni kadhaa ziwekewe mstari wa rangi mahali ambapo rubani wa kiti cha mbele anauona bila kioo.